Wacha Nyoka wa Msitu, Shika Sungura

Wasee, tangu niposti ile klipu ya chatu mweupe mwenye mabaka ya njano, inbox imejaa swali moja: "Bro, si uko Kakamega, msitu uko hapo tu, mbona usishike wawili uzalishe?"

Zii. Na si uoga. (Sawa, uoga kidogo.) Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Halafu msitu wetu una kifutu wa Gaboon na swila. Hao si wa kuchezea kamera.

Lakini hiyo hamu naielewa. Chatu wa kwenye klipu ni ball python, chatu mdogo anayepatikana porini kutoka Afrika Magharibi hadi Uganda hapo jirani. Huko Marekani, mfugaji anayeitwa Bob Clark alipata albino mmoja aliyetoka porini, akampandisha na majike wa kawaida. Watoto wakatoka kahawia wote. Mimi ningekata tamaa. Yeye akangoja wakomae, akaendelea kupandisha, na 1992 weupe wakaanguliwa. Rangi ilikuwa imejificha ndani ya hao wa kahawia muda wote. Ile tatu kwa moja ya minji tuliyokariri shule ndiyo hiyo, sema sasa ina magamba.

Kuna stori nyingine haipostiwi sana. Kuna ball python wanaitwa spider, wana mistari myembamba kama utando wa buibui. Jeni yao haijifichi: mzazi mmoja akiwa nayo, karibu nusu ya watoto wanatoka hivyo. Shida ni kwamba inakuja na kichwa kinachotikisika. Wengine inawapata kidogo tu, wengine wanapinduka chali na kumkosa panya aliye mbele yao. Wafugaji walijua, wakaendelea, juu rangi inauza. Hapo ndipo tunaachana. Kama tayari unajua watoto watatoka na kizunguzungu, hakuna kitu unasoma tena. Unauza tu.

Mimi nilielewa jeni kwa sungura wa kukhu. Wazazi wote wawili kijivu, wakazaa saba, na wawili kati yao weupe, macho mekundu. Kukhu akaapa dume la jirani limeruka ua. Nikamchorea ule mraba kwenye daftari: kila mzazi amebeba nakala moja ya weupe bila kuionyesha, kwa hivyo kila mtoto ana nafasi moja kwa nne ya kupata zote mbili. Akaangalia sana, kisha akauliza, "Sasa hiyo ya pili ilikuwa imekaa wapi?" Miaka minne ya sekondari, sikuwahi kusikia swali poa hivyo darasani.

Sasa nimeazima dume jeupe, macho mekundu, kutoka Shinyalu, nilipandishe na jike letu jeupe. Nimemwambia kukhu wote watatoka weupe. Yeye amebet kuku kwamba hata mmoja wa kijivu hatakosa. Mimba ya sungura ni kama siku 31. Nitaposti picha, na kama nimepoteza, pia nitaposti huyo kuku nikimnunua.