Pesa za HELB na homa ya rili: acheni kuhesabu beringi!

CAT zimeisha, HELB imeingia, na hosteli imeanza vituko vyake. Wengine wamenunua spika, wengine viatu. Sisi wa kikundi cha uvuvi (tuko wanne tu, msicheke) tumeshikwa na homa ya rili. Kila mtu ananiletea picha kwenye simu: "Mwalimu, cheki hii, ina beringi 13! Hii nayo ni saizi 4000!" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja tu.

Msimamo wangu ni huu: nunua rili moja, saizi 2000 au 2500, yenye breki laini. Hayo mengine ni mapambo.

Tuanze na samaki, maana rili hununuliwa kwa ajili ya samaki, si kwa ajili ya picha. Sisi twaenda Naivasha. Pale kuna besi mdomo mkubwa (si besi ya spika, teh teh), aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa uvuvi wa burudani. Kwao Marekani huishi ziwa moja na binamu zake wadogo kina blugili, ambao wenyeji huwaita samaki wa kikaango kwa sababu anaenea mzima kwenye kikaango. Naivasha nafasi hiyo ameishika tilapia. Kwa hiyo asubuhi moja unaweza kupata tilapia wa kiganja, halafu besi mwenye hasira akatoka kwenye magugu. Rili yako lazima iwaweze wote wawili.

Sasa zile namba. Kila kampuni ina vipimo vyake, lakini kwa jumla 1000 ni ndogo kabisa, ya mshipi wa paundi 2 hadi 4. Hiyo ni tamu kwa tilapia, ila besi akiingia kwenye magugu utabaki unaomba Mungu. 4000 nayo ni ya mishipi mizito, hata ya baharini. Ukiishika kutwa mkono unauma, na bobini yake inakula mshipi mwingi kabla haijajaa. Bobini isiyojaa hairushi mbali, kwa kuwa mshipi unasugua ukingo ukitoka. 2500 inabeba vizuri paundi 6 hadi 8. Katikati hapo ndipo penyewe.

Breki je? Hapa ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda. Besi akinasa huruka na kukimbia ghafla. Breki nzuri inamwachia mshipi polepole bila kushtuka. Breki mbovu inakwama, halafu inaachia, halafu inakwama tena, na mshipi hukatika pale inapokwama. Kanuni ya wavuvi ni kuweka breki kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa paundi 8 una nguvu ya kama kilo 3.6, kwa hiyo breki iwe kati ya kilo 0.9 na 1.2. Huna mizani? Lita moja ya maji ni kilo moja! Funga chupa ya lita kwenye mshipi, inyanyue taratibu kwa rili, na breki ianze kuachia hapo hapo. Ikiachia kwa kurukaruka, rudisha rili kwa muuzaji.

Kwa nini tusikaze zaidi? Wenzangu wa Fizikia wameshaona. Samaki anapovuta, mshipi unapungua kwenye bobini na nusu kipenyo inapungua. Breki ni ile ile, lakini nguvu ya kuivuta inaongezeka. Nusu kipenyo ikibaki nusu, nguvu inakuwa mara mbili. Ukianza umekaza hadi mwisho, umejikatia mshipi mwenyewe.

Na hizo beringi 13? Beringi nne tano nzuri zinazungusha rili vizuri kuliko 13 za ovyo. Rili ya bei ya chini yenye beringi nyingi, jiulize wamebana matumizi wapi. Mara nyingi ni kwenye gia na breki, yaani mahali usipopaona dukani. Kasi ya gia pia isikutishe. Bobini yenye mzunguko wa sentimita 14 na gia ya 5 kwa 1 inakuletea kama sentimita 70 kila ukizungusha mara moja. Kwa besi na tilapia inatosha kabisa.

Najua kuna komredi atasema, "Si ni bora ufito na mshipi tu kama wazee?" Kwa tilapia wa ukingoni, sikatai. Kama ni kitoweo tu unataka, usinunue rili hata kidogo. Lakini kurusha chambo bandia chepesi mbali, na kumpa besi nafasi ya kukimbia, ufito mtupu hauwezi. Mwingine atataka rili mbili, kubwa na ndogo. Sawa, ukishaajiriwa! Kwa sasa nunua bobini ya ziada: moja paundi 4 ya tilapia, nyingine paundi 8 ya besi.

Mtaniambia nafanya mzaha kuwa mbo wa rili. Hapana. HELB ni mkopo, tutaulipa kwa mshahara wa ualimu, na mnaujua ule mshahara. Tena kila mshipi unaokatika unabaki ziwani na ndoano yake. Nailoni haiozi upesi, na ndege wa pale hunaswa miguu. Breki mbaya anayelipa si wewe peke yako.

Mwisho kabisa: chukueni leseni ya uvuvi kabla ya kwenda, na msisimame kwenye matete alfajiri, viboko wa Naivasha hawajui kama wewe ni mwanafunzi.

Haya, nirudi kwenye maandalio ya somo, mazoezi ya kufundisha yananingoja. Kabla hujatoa pesa, vuta mshipi wa hiyo rili kwa mkono pale pale dukani. Mkono wako utakwambia ukweli kuliko boksi.