Tufungue Daftari la Kamba

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo unawahusu sana wananchi wa visiwa vya delta ya Rufiji, ambao kila msimu huvua kamba, na kila msimu ukiisha hubaki vile vile walivyokuwa. Leo twapenda kulifungua daftari hilo mbele yao na mbele ya viongozi.

Kamba wanaouzwa duniani hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni mabwawa, kama yale ya Ecuador, India na Vietnam. Mfugaji hununua vifaranga, chakula na nishati. Lakini huvuna kwa wingi na kwa wakati aliopanga, hivyo gharama ya kila kilo hushuka. Mwaka 2022 Ecuador peke yake iliuza nje zaidi ya tani milioni moja. Wingi huo ndio unaoshusha bei kwa kila muuzaji.

Njia ya pili ni meli za kukokota nyavu, ambazo hula mafuta hata siku bahari isipotoa kitu. Zilivua katika maji yetu mpaka kamba wakapungua, na kuanzia msimu wa 2008 serikali ikazizuia kwa miaka kadhaa.

Njia ya tatu ni mvuvi wetu wa Msala, Kiongoroni na Maparoni. Huyu hanunui kifaranga wala chakula. Mikoko ya delta, inayofunika karibu hekta 50,000, humlelea kamba bure. Basi faida yake huenda wapi?

Huyeyuka pamoja na barafu. Kamba asiyepata barafu huharibika kwa saa chache. Barafu hutoka mbali, na chombo hungoja maji yajae. Mvuvi hulazimika kumwuzia tajiri aliyemkopesha nyavu, kwa bei aitakayo tajiri. Hivyo aliyepewa zaidi na Mungu ndiye abakiwaye na kidogo.

Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi mkubwa wa mabwawa ya kamba humu deltani. Wananchi wengi waliupinga, wala haukujengwa. Twaamini waliona mbali, kwani kufyeka mikoko ni kuanza kununua kile tulichokuwa tukipewa bure. Lakini wananchi nao wakumbuke kwamba anayekata mikoko apate shamba la mpunga, au anayetumia nyavu za macho madogo, anaibomoa nyumba ile ile aliyoitetea.

Twaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti, pamoja na wizara inayohusika, zihakikishe barafu ya kutosha inasogezwa karibu na mvuvi, bei za Dar es Salaam zinatangazwa kwenye mialo, na wavuvi wanapata mikopo kupitia vyama vyao wenyewe. Nao wavuvi waandike kila kilo na kila shilingi. Asiyejua gharama yake hawezi kukataa bei ya mwenziwe.