Mkindu Wastahiki Kupandwa

Ni michache miti ya mwituni iliyofungamana na maisha ya watu wa pwani kama mkindu. Kwani juu ya mkeka wake mtoto hulazwa, mgeni hukirimiwa, waumini husujudu, na maiti hutandikiwa katika safari yake ya mwisho. Ajabu ni kwamba mti wenye fadhila hizi zote, aghalabu hapana aupandaye. Wengi wetu twaukata tu.

Mkindu huota kwa machaka, kandokando ya mito na katika mabonde yenye unyevu. Alitakalo msukaji si majani yaliyokomaa, bali ni lile kuti changa la katikati ambalo bado limefumba. Hulichana chane nyembamba, akazianika juani hata zikawa nyeupe, akachemsha baadhi yake katika rangi nyekundu, zambarau au kijani, kisha akaketi barazani pamoja na jirani zake kusuka ukili, pima baada ya pima, ambao hatimaye hushonwa ukingo kwa ukingo hata mkeka ukatimia. Kazi hiyo yataka subira na vidole hodari, na mara nyingi bei ya sokoni haimlipi mwenyewe ujira unaostahiki.

Basi hatari ya mkindu i pale pale penye manufaa yake, maadamu mkataji anayeondoa kila kuti changa linapochomoza huunyima mti majani ya kuutilia nguvu, ukadhoofika. Fauka ya hayo, mabonde yafukiwa kwa ujenzi, ilhali masoko yamejaa mikeka ya plastiki, rahisi kwa bei na ya kuvutia macho. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao: mkeka wa ukindu ukichakaa huoza ukawa udongo, bali wa plastiki hubaki taka.

Rai yangu ni kwamba kila halmashauri yenye mabonde iitengee mikindu sehemu yake, kwani huota kwa mbegu na kwa machipukizi ya shinani. Wakataji wauachie mti makuti ya kuishi. Na misikiti, shule na nyumba zetu zinunue mikeka kwa msukaji mwenyewe, kwa bei ya insafu. Mnazi hatukuungojea uote wenyewe, bali tuliupanda, tukaupalilia, tukawarithisha wana wetu. Na mkindu nao una haki hiyo hiyo juu yetu.