*VAT: TUSISUBIRI AFISA AGONGE MLANGO*



Wiki hizi ofisi ya tawi imepokea swali moja kutoka kwa watu wengi: mwenye hardware, mwenye duka la jumla, fundi wa aluminiamu. Wanauliza, *"Mimi natakiwa kusajiliwa VAT au la?"* Tumeona tulijibu hadharani na tueleze msimamo wetu.

*Kwanza, lini?*

Kwa Tanzania Bara, tangu Julai 2023 kiwango cha usajili ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa miezi 12, au milioni 100 ndani ya miezi sita. Kabla ya hapo kilikuwa milioni 100 kwa mwaka, tangu sheria ya sasa ilipoanza kutumika Julai 2015.

Tuelewane vizuri hapa: ni *mauzo, si faida*. Milioni 200 kwa mwaka ni wastani wa shilingi 548,000 kwa siku. Muuza saruji anaweza kufikisha kiasi hicho huku faida yake ikiwa ndogo kuliko ya mwenye saluni. Ndiyo maana wengi wanavuka mstari bila kujijua. Wanaangalia kilichobaki kwenye droo, sheria inaangalia kilichopita.

Si kila mauzo yanahesabiwa. Bidhaa zilizosamehewa VAT, kama mboga, matunda na nafaka ambazo hazijasindikwa, haziingii kwenye hesabu hiyo. Mama wa nyanya sokoni asitishwe na mtu. Kwa upande mwingine, watoa huduma za kitaalamu, kama mawakili na wahasibu, wanasajiliwa bila kujali ukubwa wa mauzo.

*Pili, vipi?*

Ukishafikia kiwango, una siku 30 za kuomba usajili TRA. Uwe na TIN, leseni ya biashara na kumbukumbu za mauzo. Maombi yanafanyika kwa mtandao au katika ofisi ya TRA ya wilaya. Ukisajiliwa utapewa namba ya VAT, nayo lazima ionekane kwenye risiti ya EFD. Kuanzia hapo unawasilisha ritani kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata, *hata kama mwezi huo hukuuza kitu*.

Mfano: umenunua mzigo wa 80,000 ukalipa VAT 14,400. Umeuuza 100,000 ukatoza VAT 18,000. Unapeleka TRA tofauti tu, yaani 3,600. Lakini bila risiti halali ya manunuzi, ile 14,400 huwezi kuidai. Kwa hiyo dai risiti kwa kila unachonunua.

Hatari ipo kwa anayechelewa. Mteja alishalipa 100,000 na kwenda zake. Kodi ikidaiwa baadaye, ndani ya hiyo laki moja kuna 15,254 ya serikali. Humrudishii mteja simu umwambie aongeze hela. Inatoka kwenye mtaji, na juu yake kuna adhabu na riba. Duka lililojengwa kwa miaka kumi linaweza kufungwa hivyo.

*Tatu, msimamo wetu.*

Chama hakitamtetea anayekwepa kodi. Wapo wanaogawa duka moja kwa TIN ya mke, ya shemeji na ya mtoto ili mauzo yaonekane madogo. Tunawaambia wazi: risiti za EFD na miamala ya simu vinaacha nyayo. Pia mnamuumiza jirani anayetoza kodi halali mlango wa pili.

Lakini serikali nayo ina wajibu wake. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa, na Waziri Mkuu Majaliwa akaenda kuwasikiliza wafanyabiashara. Kilio kikubwa kilikuwa namna kodi inavyokusanywa. Mfanyabiashara anayeelewa kodi yake hulipa, anayeviziwa hujificha. Kwa hiyo tunadai mambo matatu:

1️⃣ Elimu itangulie faini. Maafisa waje mitaani na sokoni kufundisha, wasije siku ya ukaguzi peke yake.
2️⃣ Kiwango cha usajili kipitiwe mara kwa mara kulingana na bei za bidhaa. Bei ya mfuko wa saruji ikipanda, mauzo kwenye daftari yanapanda hata kama idadi ya mifuko ni ileile. Tusikae tena miaka minane kwenye namba moja.
3️⃣ Makadirio yafuate kumbukumbu za mfanyabiashara, yasifuate macho ya afisa anapotazama rafu.

*Cha kufanya leo:* nunua daftari, andika mauzo ya kila siku. Kila mwisho wa mwezi jumlisha miezi sita na miezi 12 iliyopita. Ukiona unakaribia kiwango, nenda TRA mwenyewe kabla hujafuatwa. Asiyejua pa kuanzia aje ofisi ya tawi na daftari lake, tutakaa naye.

Daftari ndilo ngao ya mnyonge mbele ya makadirio. Tuanze nalo.

Imetolewa na:
*Idara ya Habari na Uenezi, Tawi*

_Tafadhali wasambazie wafanyabiashara wa mtaa wako._