Kabla ya Kupokea Ufunguo wa Chumba

Ndugu msomaji, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika kauli hiyo mna mapatano: mwenyeji anaujua wajibu wake, na mgeni naye anaujua wake. Lakini mfanyakazi aliyetumwa mji mwingine, akafika saa nne za usiku na masurufu yake mfukoni huku mkutano ukimngoja asubuhi, aghalabu hana ndugu wa kumpokea. Anayempokea ni karani wa hoteli. Je, baina ya wawili hao mna mapatano gani?

Huko Marekani swali hilo lilipata jibu kutokana na hasira ya mzazi. Mwaka 1951 Kemmons Wilson, mjenzi wa nyumba wa mjini Memphis, jimbo la Tennessee, alisafiri kwa gari pamoja na mkewe na watoto wao watano kwenda Washington. Njiani walilala katika moteli, yaani hoteli za kando ya barabara ambazo msafiri huegesha gari karibu na mlango wa chumba chake. Usafi ulikuwa wa kubahatisha, na kila mtoto alitozwa dola 2 za ziada, ijapokuwa alilala chumba kile kile cha wazazi wake. Kwa watoto watano, hizo ni dola 10 kila usiku.

Wilson hakuishia kulalamika. Mwezi Agosti 1952 alifungua hoteli yake ya kwanza huko Memphis, kando ya barabara kuu iendayo Nashville, akaipa jina la Holiday Inn. Ilikuwa na vyumba 120, mkahawa, bwawa la kuogelea na simu vyumbani. Watoto waliolala na wazazi wao hawakutozwa kitu.

Baadaye aliwauzia watu wengine haki ya kutumia jina hilo, kwa sharti kwamba wafuate kanuni zile zile za ujenzi, usafi na huduma. Sheria ya mwaka 1956 ya kujenga barabara kuu za maili 41,000 nchini humo ilimletea wateja wengi. Mwaka 1965 hoteli hizo zikaanza kutumia kompyuta kuweka nafasi za wageni, na mwaka 1968 hoteli ya elfu moja ikafunguliwa San Antonio, Texas.

Nyumba hizo zilizobuniwa kwa ajili ya familia ziliwafaa mno watu wa biashara pia. Mchuuzi wa kampuni hulala miji mitatu kwa juma moja. Haja yake ni kitanda safi, maji ya moto, mahali pa gari na bei aliyokwisha kuijua kabla ya kuondoka nyumbani. Akiyakuta hayo kila aendako, akili yake yote hubaki kwenye kazi iliyomleta. Kwa hiyo bidhaa kubwa ya hoteli za namna hii ni uhakika, na kitanda ni sehemu yake tu.

Hata hivyo, kwa miaka mingi uhakika huo haukuwa wa watu wote. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, moteli nyingi hazikuwapokea watu weusi. Msafiri mweusi aliweza kuendesha gari usiku kucha, fedha anazo, na asipate mlango wa kubisha. Ndiyo maana Victor Hugo Green, tarishi wa posta wa Harlem, New York, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha kuwaonyesha wasafiri weusi mahali watakapopokewa.

Sheria ya Haki za Raia ilipotiwa saini tarehe 2 Julai 1964, mwenye moteli ya Heart of Atlanta, yenye vyumba 216 mjini Atlanta, alikwenda mahakamani kuipinga. Tarehe 14 Desemba mwaka huo huo, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walimkatalia. Walisema Bunge lina uwezo wa kusimamia biashara baina ya majimbo, na moteli inayoishi kwa wasafiri wa kutoka majimbo mengine imo ndani ya biashara hiyo. Kumbe mlango wa hoteli si mlango wa sebule ya mtu. Aliyeufungua kwa biashara hana ruhusa ya kuwachagua wageni kwa rangi zao.

Basi, ndugu msomaji, yafaa tujifunze kuyadai mapatano yetu wenyewe. Kabla hujapokea ufunguo, uliza: bei hii ni ya chumba au ya kila kichwa? Kifungua kinywa kimo? Mtoto akilala nasi analipa? Omba uonyeshwe chumba. Fungua bomba, jaribu komeo la mlango, tazama shuka na chandarua. Dai stakabadhi, na uhakikishe kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Kuuliza hivyo si uchoyo wala utovu wa adabu. Anayelipa bila kuuliza huenda akagundua asubuhi kwamba posho iliyokusudiwa kununua sare ya mtoto imekwisha kwa usiku mmoja.

Lakini uliza kwa upole. Karani aliyeketi mapokezi usiku wa manane ni mfanyakazi mwenzako, na bei hakuipanga yeye. Ukiona kasoro, mweleze msimamizi papo hapo, wakati bado yawezekana kubadilishiwa chumba. Manung'uniko unayoyabeba hadi nyumbani hayamsaidii mgeni atakayelala kitanda hicho kesho.