Ile Video Yangu ya Maji Nilikata Sehemu ya Maana

Wasee, wacha niseme hii kitu kabla ujasiri uniishie. Ile video yangu ya mashine ya kuchuja maji, ile mlipenda sana, ilikuwa na uongo ndani. Si uongo wa maneno, ni uongo wa kukata. Mliona mimi na binamu yangu tukifunga paipu, muziki ukaingia, halafu tone la kwanza likaanguka kwa glasi nikanywa nikicheka. Kati ya paipu na hiyo glasi kulikuwa na siku mbili, na hizo siku mbili ndizo kazi yenyewe.

Wazo nililitoa kwa vijana wa Kanada. Kule watu hutoboa mti wa mepo, ule wenye jani kwa bendera yao, na kukinga utomvu wenye sukari kama asilimia 2 tu. Wanahitaji lita 40 na kitu kupata lita moja ya sharubati, na kuchemsha yote hiyo ni kuni hadi uchoke. Basi wengine hujitengenezea mashine ya RO: pampu inasukuma utomvu kwenye utando wenye vitundu vidogo ajabu, maji yanapita, sukari inabaki. Sisi huku Bungoma hatuna hiyo shida, juisi ya miwa ni tamu tayari, uliza wapika sukari nguru. Lakini visima tunavyo, na kisima cha senge wangu hapa Myanga kiko karibu na choo kuliko ningependa kuandika. Mashine ni ile ile. Tofauti ni kwamba wao wanataka kilichobaki, sisi tunataka kilichopita.

Vichujio na utando tulinunua Bungoma mjini, pampu tukaipata Kitale. Tukafunga, tukafungulia maji ya tanki, hakuna kilichovuja. Binamu akasema, “Imeshika, rekodi!” Ni kweli ilishika, lakini tanki la senge liko juu mita 3 hivi, na maji ya kimo cha mita 10 ndiyo hukupa bar 1. Kumbe tulikuwa tumepima kwa bar 0.3, na utando wa nyumbani unataka karibu bar 4. Hiyo si kupima, hiyo ni kulowesha. Tulipowasha pampu, kiungo cha tatu kilitema maji moja kwa moja kwa ekstensheni iliyokuwa sakafuni. Stima ikakatika. Mimi nilikuwa miguu mitupu, na mtoto wa senge, miaka 4, amesimama mlangoni akipiga makofi akidhani ni mchezo.

Senge hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Papa, na hii ndiyo nitanywa?”

Binamu akaja na akili nyingine: tujaze upepo kwa kompresa ya fundi wa pancha pale stejini, tupake povu la sabuni, tuone mapovu. Fundi aliangalia zile chupa za plastiki za vichujio akakataa katakata. Akasema tairi hupasuka na ni mpira, sembuse hiyo. Nilisoma baadaye nikajua mzee alikuwa sawa. Maji hayabanwi kirahisi, chupa ikipasuka presha inaisha hapo hapo. Upepo uliobanwa ni kama springi, plastiki ikiachia inaruka vipande vipande usoni mwako. Pima kwa maji, tafadhali.

Sasa tukafanya polepole. Stima ikainuliwa ukutani, mbali na maji. Kila kiungo tukazungushia tisu kavu, kwa sababu jicho halioni tone la kwanza lakini tisu inabadilika rangi. Pampu ikapandisha geji, tukafunga koki zote, tukazima, tukakaa nusu saa tukiangalia mshale. Ulishuka. Tukatafuta, tukakata paipu upya kwa wembe ikae mraba, tukarudia. Usiku kucha tisu zikabaki kavu. Ningeishia hapo ningekuwa bado sijui kitu.

Kwa sababu uvujaji mbaya zaidi hauloweshi sakafu. Asubuhi nilitumbukiza kile kimita cha kupima chumvi kwenye maji. Kisima kinasoma 290. Utando mzima unafaa kuzuia zaidi ya asilimia 90. Mashine ilikuwa imetembea nusu saa, ya kwanza tumemwaga, na bado ilisoma 170. Mpira wa duara mwishoni mwa utando ulikuwa umejikunja tulipousukuma mkavu, na maji machafu yalikuwa yanapita kando, kimya kimya, hadi kwa glasi. Kimita hakihesabu vijidudu, lakini chumvi ikipata njia, na wao wamepata. Tuliulowesha, tukaurudisha vizuri, ikasoma 24.

Najua mtaniambia nani ataangalia nusu saa ya mshale wa geji. Sitaki nusu saa. Nataka sekunde 10, sisi wote tunaotengeneza vitu mbele ya kamera, za tisu kavu na namba ya kimita. Mimi nilizikata kwa sababu zilinifanya nionekane sijui kazi.

Watu watatu wameniandikia kwamba wamejenga mashine kwa kufuata ile video. Wawili nimewapata, wamezima, wanapima upya. Wa tatu, uliyesema unataka kuuzia majirani kwa jerikeni, sijakupata. Kama unasoma, usiuze bado. Niandikie.