Kabla Hujakubali D Ifutwe

Mama mwenzangu, C ikijaa kwenye kompyuta ya nyumbani, usikubali upesi D ifutwe ili C ipanuliwe. Kwetu hizo ni sehemu mbili za diski moja, na D ilikuwa na picha za mwisho za marehemu mama yangu. Fundi alikwisha shika kipanya! Nilimwomba asubiri. Tulifungua mipangilio ya Windows, sehemu ya hifadhi, tukafuta mafaili ya muda. (Orodha hiyo ina pia folda ya vitu ulivyopakua kwenye intaneti; usiitie alama kabla ya kuikagua.) Video za harusi tukazihamisha kutoka C kwenda D. Nafasi ikapatikana. Ukilazimika kupanua, kwanza nakili picha kwenye diski ya nje, kisha uzifungue humo uhakikishe.